Kazi Ihamie Mchana: Hotuba Kuhusu Bei ya Umeme wa Jua, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, wazee wetu shikamooni. Wenye mashine za kusaga, wenye hoteli na saluni, wafugaji kutoka Hai na Siha, wakulima mliotoka huku chini kwenye mpunga, karibuni nyote na asanteni kwa kufika mapema.

Swali tunaloulizwa kila wiki ni hili: sola imeshuka bei, ninunue sasa au nisubiri ishuke zaidi? Jibu letu huanza na swali jingine. Unatumia umeme saa ngapi? Kilichoshuka bei kwa kiasi cha kushangaza ni umeme wa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa juu. Umeme wa saa mbili usiku nao umeshuka, lakini si kwa kiasi hicho. Ukishika tofauti hiyo, mengine yote ya leo ni hesabu tu, na hesabu tutazipiga hapa hapa.

Tuanze na paneli ilikotoka. Mwaka 1954 maabara za Bell kule Marekani zilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Katikati ya miaka ya 1970, wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya fedha ya sasa. Mwaka 2024, mlangoni mwa kiwanda China, wati moja iliuzwa kwa takriban senti 10 za dola. Wanaofuatilia bei hizi wameona mwenendo uliodumu miongo mingi: kila jumla ya paneli zilizowahi kutengenezwa duniani inapoongezeka mara mbili, bei hushuka kwa karibu asilimia 20. Ujerumani ilipopitisha sheria yake ya mwaka 2000, iliyomhakikishia mwenye paneli bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20, soko lilipanuka ghafla. China nayo ikajenga viwanda vya kulilisha soko hilo, na leo hatua zote kubwa za kutengeneza paneli zimo mikononi mwake kwa zaidi ya asilimia 80.

Kiwandani kwenyewe mambo madogo madogo yalijumlishana. Silikoni ilikatwa kwa waya wenye chembe za almasi, kwa hiyo vumbi la kutupwa likapungua na vipande vikawa vyembamba. Mwaka 2004 wati moja ilihitaji takriban gramu 16 za silikoni. Siku hizi ni chini ya gramu 3. Madini ya fedha yanayochorwa mistari juu ya seli nayo yalipunguzwa. Kisha teknolojia ya zamani ikapisha ile iitwayo TOPCon, inayotoa umeme mwingi zaidi katika eneo lile lile. Ukikuta duka linauza kwa bei ya chini paneli mpya za aina ya zamani, PERC, usiziogope kwa sababu hiyo peke yake. Ni paneli nzuri zilizopitwa na wenzao.

Je, bei itaendelea kushuka hivyo hivyo? Kwa maoni yetu, msiitegemee. Mwaka 2024 viwanda vya China vilikuwa na uwezo wa kutengeneza zaidi ya gigawati 1,000 kwa mwaka, wakati dunia nzima ilifunga takriban 600. Muuzaji mwenye mzigo kuliko wateja huuza hata kwa hasara, na hasara haidumu. Desemba 2024 serikali ya China ilipunguza kodi inayowarudishia wanaouza paneli nje ya nchi kutoka asilimia 13 hadi 9. Tena bei hii imewahi kupanda: mwaka 2008 silikoni ghafi ilipita dola 400 kwa kilo kwenye soko la papo kwa papo kwa sababu viwanda vya kuisafisha vilikuwa vichache, na mwaka 2021 na 2022 ilipanda tena.

Lakini hata ikishuka, angalia unachongojea. Paneli za kilowati 10, kwa senti 10 kwa wati, ni dola 1,000 kiwandani. Zikishuka kwa asilimia 10, umeokoa dola 100. Kwa dola moja kwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 260,000. Mfumo wa kilowati 10 ukifanya kazi vizuri kwenye duka au karakana hapa Moshi huokoa zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja, kama tutakavyoona sasa hivi. Aliyesubiri mwaka mzima amelipa miezi kumi na miwili ya LUKU ili apate punguzo la mwezi mmoja.

Sasa hesabu yenyewe. Mteja wa kawaida wa biashara yuko kwenye daraja la T1, shilingi 292 kwa uniti, yaani kilowati-saa moja. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, inafika takriban shilingi 356. Hiyo ndiyo bei ya kushindana nayo. Mwenye nyumba aliye kwenye D1, anayetumia uniti 75 au chini kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, pamoja na tozo 122. Uniti zake zote 75 ni shilingi 9,150. Ndugu zangu, kwa huyu wa D1 sola haishindi LUKU kwa bei, na fundi akikuambia inashinda, mwombe akuandikie hesabu. Huyu akifunga sola, anafunga kwa sababu ya giza la umeme kukatika, na hiyo ni sababu halali ya kutosha.

Chukua karakana ya kuchomelea, au duka la nyama lenye majokofu, inayofanya kazi siku sita kwa wiki. Tuseme fundi ametoa bei ya shilingi milioni 22 kwa mfumo wa kilowati 10 usio na betri, unaoshirikiana na umeme wa TANESCO. Wewe weka bei utakayopewa, njia ya hesabu ni ile ile. Hapa kwetu, kwa wastani wa mwaka, kilowati moja ya paneli hutoa takriban uniti 4 kwa siku. Kilowati 10 ni uniti 40 kwa siku, 14,600 kwa mwaka. Jumapili umefunga, na siku nyingine jua linatoa kuliko unavyotumia, kwa hiyo hesabu asilimia 80 tu: takriban uniti 11,700. Zidisha kwa 356. Ni shilingi milioni 4.16 kwa mwaka, yaani 347,000 kwa mwezi. Toa laki mbili kwa mwaka za kuosha na kukagua, na mtaji unarudi baada ya miaka mitano na nusu.

Kwa miaka 20 weka milioni 22, inveta moja (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa kawaida) ya kubadilisha katikati kwa milioni 3.5, na milioni 4 za matunzo. Jumla milioni 29.5. Paneli huchoka kidogo kidogo, takriban nusu asilimia kwa mwaka, kwa hiyo utapata kama uniti 222,000. Gawanya: shilingi 133 kwa uniti. Dhidi ya 356.

Hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza, na hapo ndipo tunaomba mtege sikio. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye fedha mkononi. Ukikopa milioni 22 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka saba, rejesho ni kama shilingi 437,000 kila mwezi, na akiba yako ni 347,000. Kwa miaka saba unaongeza elfu 90 za mfukoni kila mwezi. Uniti yako inakuwa shilingi 200 hivi, bado chini ya LUKU kwa mbali, lakini biashara isiyo na elfu 90 za ziada kwa mwezi itakwama kabla faida haijafika. Paneli zikishuka bei tena, riba itabaki pale pale. Kwa hiyo mwenye mkopo aanze na kilowati 4 au 5 zinazotumika zote mchana, bila uniti hata moja kupotea, kisha aongeze. Nunua tu inveta inayoruhusu kuongeza.

Sasa usiku. Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma zimeshuka bei kama paneli. Wastani wa dunia wa bei ya pakiti za lithiamu ulikuwa zaidi ya dola 1,100 kwa kilowati-saa mwaka 2010, na mwaka 2024 ulikuwa dola 115. Hiyo ni bei ya viwandani, ikifika dukani Moshi ni nyingine. Chukua betri ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani kilowati-saa 5.12, kwa shilingi milioni 3.2. Tumia asilimia 90 ya ujazo, toa upotevu wa inveta, unapata uniti 4.1 kila ikijazwa na kutumika. Kiwanda kitakuandikia mizunguko 6,000. Sisi tunahesabu 4,000, na tunatoa asilimia 10 kwa kuchoka. Ni uniti 14,800, shilingi 216 kila moja. Ongeza gharama ya jua lililoijaza, karibu 148, na uniti ya usiku inafika shilingi 364.

Mnaona? Ni sawasawa na LUKU ya T1. Tena hiyo ni kama betri inafanya kazi kila siku kwa miaka 11. Ikikaa ikingojea umeme ukatike, ikatumika mara 60 tu kwa mwaka, uniti yake peke yake inapita shilingi 1,100. Hapo mlinganishe na jenereta, maana jenereta ndogo hunywa lita 0.35 hadi nusu lita kwa kila uniti, na lita ikiwa shilingi 2,800 mafuta peke yake ni 980 hadi 1,400. Betri haipigi kelele wala haihitaji oili, kwa hiyo kwa hoteli na zahanati tunaipendelea. Lakini iitwe kwa jina lake: ni bima. Usiinunue ukidhani inakupunguzia LUKU.

Na zile betri za asidi, za ampea-saa 200 na volti 12, zinazoonekana rahisi dukani? Hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo inakupa uniti 1.2. Ikidumu mizunguko 600, ni uniti 720. Ukiinunua kwa laki sita, kila uniti ni shilingi 833. Rahisi kununua, ghali kuishi nayo.

Kwa hesabu hizi, kila uniti unayoihamishia mchana inakuokolea zaidi ya shilingi 220 bila kununua betri. Mwenye hoteli, fua na upige pasi shuka kati ya saa nne na saa tisa. Hita ya maji ya umeme, ifungie taima iwake saa tano, maji yakae moto kwenye tangi lililofunikwa vizuri hadi jioni. Mfugaji mwenye tangi la kupozea maziwa, gandisha barafu mchana, ipoze maziwa ya jioni. Barafu ni betri isiyozeeka.

Mkulima naye betri yake ni tangi la maji. Hesabu ya pampu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: kupandisha mita ya ujazo moja ya maji kwa mita moja kwahitaji wati-saa 2.7. Ukitaka mita za ujazo 30 kwa siku, na kimo chote kutoka kwenye maji hadi mdomo wa tangi, pamoja na msuguano wa bomba, ni mita 40, zidisha: 30 mara 40 mara 2.725, ni wati-saa 3,270. Pampu na mota hupoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo gawanya kwa 0.45, unapata uniti 7.3. Gawanya kwa 4, zile uniti za kilowati moja kwa siku, ni kilowati 1.8. Funga paneli nne za wati 550. Lakini Juni hadi Agosti wingu la mlima hukaa hadi mchana. Kama ndipo unapomwagilia, panga kwa uniti 3 kwa kilowati na ufunge paneli tano. Kosa tunalolikuta mara nyingi mashambani ni kupima kimo kutoka juu ya ardhi wakati kisima kina maji mita 25 chini, na jingine ni bomba jembamba: mtu ananunua pampu ya inchi moja na nusu, anaunga bomba la inchi moja kwa mita 200, kisha analaumu jua.

Wenye mashine za kusaga, yenu ndiyo ngumu zaidi. Mota ya kilowati 15 ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida, na inveta ya kawaida itazima. Inahitaji kifaa cha kubadili kasi ya mota, kinachoianzisha polepole. Wingu likipita mota hupunguza mwendo, na kama kinu kimejaa mahindi kitakwama. Kwa mashine tunashauri ibaki na TANESCO pembeni, jua lisaidie na lisibebeshwe peke yake.

Hapa tuingie kwenye mambo yanayoharibika, maana bei nafuu imeleta mafundi wengi na haraka nyingi.

Kwanza paneli bandia. Chukua futi ya kupimia. Kila mita ya mraba ya paneli nzuri ya leo hutoa wati 210 hadi 230. Paneli halali ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa kilo 27 au 28. Ukiuziwa "wati 550" yenye mita moja na nusu za mraba, umeuziwa karatasi ya nyuma. Ampea nazo zipimwe saa sita mchana, jua likiwa kali.

Pili, volti za asubuhi. Paneli ikiwa baridi volti zake hupanda, karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Paneli kumi za volti 49.8 zikiungwa mfululizo ni volti 498, na inveta imeandikwa mwisho 500. Fundi anasema inatosha. Kesho yake asubuhi, nyuzi 10 huko Ngaramtoni au Siha, volti zinakuwa 518 na inveta imekufa, tena dhamana haiilipi. Weka tisa, ulale. Joto nalo lina gharama yake: paneli iliyolazwa juu ya bati hufika nyuzi 65 na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 hewa ipite, na iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, kwa sababu Juni na Julai jua linakaa upande huo, na mvua itaosha vumbi lenyewe.

Tatu, viungio. Kiungio cha kiwanda hiki kikichomekwa kwenye cha kiwanda kile hushika, lakini hakigusani sawasawa, hupata moto na kuyeyuka. Sakiti breka ya umeme wa kawaida ikitumika upande wa DC, yaani wa paneli, haiwezi kuzima cheche, kwa hiyo inaungua badala ya kukata. Fremu zote zifungwe waya wa ethi, na pawepo kinga ya radi pande zote mbili, ya DC na ya AC, yaani ya umeme wa kawaida. Hapa chini ya mlima radi haihitaji maelezo.

Nne, kivuli. Paneli ya kawaida imegawanyika sehemu tatu. Tawi moja la mgrevilia likiangukia sehemu moja, theluthi ya paneli inaondoka, na inaweza kuvuta wenzake waliofungwa mfululizo nayo. Mti hukua. Uangalie leo kwa macho ya miaka mitano ijayo.

Tano, na hili linawashtua wengi: mfumo usio na betri unaoshirikiana na gridi huzimika TANESCO wanapokata. Umewekwa hivyo makusudi, ili usimuue fundi aliye juu ya nguzo. Na usiache umeme wa ziada urudi kwenye mita ya LUKU bila makubaliano ya maandishi na TANESCO. Zipo mita zinazohesabu umeme unaorudi kama umeutumia, nyingine hujifunga. Fundi afunge kihisio kwenye waya mkuu, na inveta ipangwe isitoe hata wati moja nje.

Mtu atauliza: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, umeme upo, sola ya nini? Tunalifurahia bwawa hilo. Lakini wingi wa umeme kwenye gridi haunyooshi nguzo iliyoanguka wala haurekebishi transfoma iliyoungua, na 356 yako haijashuka. Serikali yenyewe ilianza kujenga sola ya megawati 50 Kishapu, Shinyanga, kama awamu ya kwanza ya megawati 150. Kwa miradi mikubwa ya namna hiyo, wastani wa dunia wa gharama ya uniti ulikuwa senti 46 za dola mwaka 2010, na senti 4.4 mwaka 2023. Na wanunuzi wadogo wameamka: Pakistan, ambako umeme wa gridi umekuwa ghali, iliingiza takriban gigawati 17 za paneli mwaka 2024 peke yake, nyingi zikaishia kwenye mapaa na mashamba. Afrika, katika miezi 12 hadi Juni 2025, ilinunua kutoka China takriban gigawati 15, ongezeko la asilimia 60.

Meza zipo pale nje chini ya mwembe, na mafundi wetu watakaa hadi saa kumi. Anayetaka kupigiwa hesabu yake alete ununuzi wa LUKU wa miezi 12, upo kwenye meseji za simu yako, usome jumla ya uniti na si shilingi. Alete orodha ya vifaa vyake, wati zake, na saa vinapowaka. Alete picha ya paa iliyopigwa saa tatu asubuhi na nyingine saa tisa alasiri, tuone vivuli. Mwenye kisima alete kina cha maji wakati wa kiangazi, si siku kilipochimbwa. Na kama tayari una bei kutoka kwa fundi mwingine, njoo nayo pia. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, tuone kiasi gani ni paneli, kiasi gani ni inveta, na kiasi gani kimeandikwa tu "vifaa vingine".